Ukuta wa Namba Mia Mbili na Kumi na Mbili

Habari za nchi haziulizwi kwa aliyezisikia. Huulizwa kwa aliyekohoa ndani yake. Siwatu binti Kombo alikohoa Uhemani kwa wiki tano, kwa hiyo haya ni ya kwake, na anayeyasimulia hakuongeza chumvi ila ile ya kukoleza.

Siwatu alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, na mwenyewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Kwa miaka mingi alisoma katika taarifa za kitabibu kwamba hakuna nchi iliyoichunguza pumu kwa kina kama Uhemani. Kila taarifa aliyoifungua iliutaja Uchunguzi Mkuu wa Uhemani, wenye watu mia nne, ulioanza kabla yeye hajavaa sare ya uuguzi na uliokuwa bado unaendelea. Basi wakuu wake walipomwambia achague mahali pa kwenda kujifunza, hakusita. Alifungasha nguo zake, kipima pumzi chake cha plastiki na pampu zake mbili: ya buluu, ya kufungua kifua kinapobana, na ya kahawia, ya kuvuta asubuhi na jioni ili kisibane.

Kitu cha kwanza alichokiona alipofika kilikuwa maandishi yaliyochongwa juu ya lango la mji: UTAFITI ZAIDI UNAHITAJIKA. Alidhani ni tangazo. Karani wa lango akamweleza kwamba hiyo ndiyo kaulimbiu ya taifa, nayo imo pia kwenye sare za askari na kwenye mawe ya makaburi.

Kitu cha pili kilikuwa moshi. Uhemani hupika kwa kuni, huoka kwa kuni, huchoma vyungu kwa kuni, na vyote hivyo hufanyika vyumbani, kwa kuwa nyumba zake hazina madirisha. Moshi ulikuwa umelala juu ya mapaa kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

"Una pumu?" karani alimwuliza, kalamu mkononi.

"Ninayo."

"Nani kasema?"

"Daktari. Na mimi mwenyewe."

"Kusema si hoja. Nakuuliza nani kaisikia."

Siwatu hakuelewa, karani akafafanua. Kwa sheria ya Uhemani, mtu hana pumu mpaka Msajili wa Pumzi aisikie filimbi ya kifua chake kwa masikio yake mwenyewe, akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwa mgonjwa. Wasajili hupewa cheo kwa kuzingatia umri, na wengi wao masikio yalikwisha kuwaaga. Ndiyo sababu takwimu za nchi zilionyesha pumu ikipungua mwaka hadi mwaka.

Karani aliandika kwenye cheti chake: *Mgeni. Nje ya sampuli.*

"Maana yake nini?"

"Maana yake pumua utakavyo, bibi. Haitahesabiwa."

Alipangiwa kukaa kwa Nyamvula, mwoka mikate wa mtaa wa pili, mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mipana na sauti nyembamba ya mtu anayebania pumzi. Nyamvula alimpokea vizuri, akampa kitanda kizuri na yeye akalala kwenye mkeka. Nyumba ilikuwa vyumba viwili: cha kulala, na cha tanuri. Kila asubuhi Nyamvula aliwasha tanuri, akafunga mlango ili unga usipeperuke, akafanya kazi saa tano mfululizo ndani ya moshi uliokuwa mzito hata ukatamani kuukunja. Alipotoka alikuwa akiegemea ukuta, mabega yamepanda, kifua kikipiga filimbi ambayo Siwatu aliisikia akiwa barabarani.

"Shoga yangu," Siwatu alimwambia siku ya tatu, "mbona usitoboe dirisha hapo nyuma ya tanuri? Ukuta wenyewe ni wa udongo. Hata kijiko kitautoboa."

Nyamvula alimtazama kama aliyeambiwa aibe.

"Mimi nimo kwenye Uchunguzi, dada. Namba mia mbili na kumi na mbili. Aliyemo kwenye Uchunguzi habadili chochote mpaka Uchunguzi uishe. Habadili jiko, habadili nyumba, haweki dirisha. Hali ikibadilika, watajuaje kilicholeta matokeo?"

"Na utaisha lini?"

"Namba zote zikimaliza."

"Namba inamalizaje?"

Nyamvula alifuta unga kwenye vidole. "Namba haimalizi. Mama yangu alikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alipokufa nikapewa mimi, kwa sababu nafasi haiachwi wazi."

Kisha alimwonyesha chupa ndogo ya kioo iliyopigwa lakiri. Kila mwezi Msajili humletea moja, naye huivuta puani mara mbili kwa siku. Nusu ya watu wa Uchunguzi hupewa chupa zenye dawa, na nusu hupewa chupa zenye hewa tupu, ili zilinganishwe. Nani anapewa nini imeandikwa kwenye orodha, orodha imo sandukuni, na sanduku halifunguliwi mpaka Uchunguzi uishe. Chini ya kitanda Nyamvula alikuwa na kikapu cha chupa za mama yake, tupu zote, zimepangwa vizuri. Hakuwahi kuzitupa. Siwatu aliokota moja akainusa. Haikunuka kitu.

Wiki hiyo Msajili wa mtaa alikuja na chupa mpya. Aliitwa Bwana Ngwali, mzee mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kikohozi alichokimeza kila mara kabla hakijatoka, kama mtu anayemrudisha mbwa nyumbani. Alisimama hatua tatu kutoka kwa Nyamvula, akainamisha sikio.

"Sisikii kitu," alisema, akaandika.

"Mimi nasikia," alisema Siwatu.

"Wewe uko nje ya sampuli, bibi," alijibu Bwana Ngwali kwa adabu, akaaga.

Siwatu alikwenda pia Barazani, kwa kuwa ndiko alikotumwa kujifunza. Baraza la Pumzi lina wajumbe sitini na hukutana katika ukumbi mkubwa, nao bila shaka hauna dirisha. Kwa heshima ya kikao huchomwa udi kwenye vyetezo kumi na viwili. Kura hupigwa kwa kikohozi: anayekubali hukohoa, anayekataa hunyamaza. Katika historia yote ya Baraza hakuna hoja iliyowahi kushindwa.

Mjadala wa siku hiyo ulikuwa umeanza miaka saba nyuma. Upande mmoja ulishikilia kwamba mgonjwa anatakiwa kupewa dawa midomo ikianza kubadilika rangi; upande wa pili ulisema hiyo ni haraka mno, asubiriwe ashindwe kutaja jina lake. Mjumbe mmoja kijana alisimama akauliza kama haiwezekani kumpa mtu dawa kabla hajafika huko, akiwa bado anatembea na kucheka. Ukumbi ukacheka kwanza, kisha ukakasirika.

"Kumpa dawa mtu anayecheka ni kumtukana," alisema Mwenyekiti, Bibi Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu. "Ni kumwambia jirani yake kwamba huyu ni mgonjwa. Nani atamwoza binti yake?"

Siwatu aliyaandika hayo kwenye daftari lake bila kuongeza neno. Kwao pia alikuwa amewahi kuyasikia, kwa akina mama walioficha pampu za watoto wao chini ya magodoro.

Aliporudi nyumbani alimpa Nyamvula kipima pumzi. Kilikuwa bomba la plastiki lenye mshale mdogo. Unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu zako zote, mshale unakimbia kwenye namba.

"Hiki si dawa," alimwambia. "Hakibadili kitu. Kinakuonyesha tu ulipo."

Nyamvula alifikiri. Sheria ilikataza kubadili hali. Kuitazama haikukatazwa, pengine kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaza kwamba namba inaweza kujitazama. Alipuliza. Mia mbili na sitini. Saa tano baadaye, alipotoka kwenye tanuri, alipuliza tena. Mia na tisini.

Alichukua kipande cha mkaa, akaandika namba zote mbili kwenye ukuta ulio nyuma ya tanuri, kwa kuwa karatasi Uhemani ni ya Wasajili peke yao. Kesho yake akaandika nyingine mbili. Ijumaa, siku asiyooka, aliandika mia mbili na sitini asubuhi, na mia mbili na sabini mchana. Alizigawa mafungu mawili, ya siku za moto na ya siku za majivu, akachora mstari kati yake. Siwatu alimkuta mara nyingi amesimama mbele ya ukuta huo, mikono kiunoni, akiutazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka mingi.

"Dada," alisema siku moja, "hawa waungwana wamenipima miaka kumi na tisa. Mbona hili hawakuliona?"

"Walikuwa wanakupima wewe. Hawakulipima tanuri."

Siku ya kumi na nne ya kuandika ukutani, Nyamvula alikuwa na mikate ya arusi. Aliwasha tanuri mapema kuliko kawaida, na kuni zilikuwa mbichi. Siwatu, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, alisikia sinia likianguka. Alipofungua mlango moshi ulimpiga usoni. Nyamvula alikuwa amekaa sakafuni, mikono imeshika magoti, shingo imeingia ndani kwa kila pumzi. Alitaka kusema kitu, neno likakatika katikati. Filimbi nayo ilikuwa imenyamaza, na Siwatu alijua kwamba kifua kilichonyamaza hivyo ndicho cha kuogopwa.

Alimburuta hadi kibarazani, akamkalisha wima. Alichukua chupa ya plastiki ya maji, akaitoboa kitako kwa kisu, akachomeka pampu yake ya buluu, akamwekea mdomo wa chupa midomoni. "Vuta. Taratibu. Tena." Alimpulizia moja, akamwacha avute mara nne, akampulizia ya pili, ya tatu, mpaka zikatimia kumi. Majirani walikuwa wamejaa. Mmoja alisema aitwe Msajili aje asikie. Mwingine alisema hapana, midomo bado ina rangi. Siwatu hakuwajibu. Baada ya dakika kama ishirini filimbi ilirudi, na Siwatu aliishukuru kama mtu anavyoshukuru kusikia mtoto akilia. Baadaye kidogo Nyamvula akasema neno lake la kwanza.

"Mikate."

"Imeungua," alisema Siwatu.

"Yote?"

"Yote."

Nyamvula alifumba macho, machozi yakamtoka, na watu walidhani anaililia mikate.

Jioni Bwana Ngwali alifika na hati. Siwatu binti Kombo, mgeni, alishitakiwa kwa kuchafua takwimu. Namba mia mbili na kumi na mbili alishitakiwa kwa kukubali kuchafuliwa. Kesi ingesikilizwa baada ya siku kumi na tano.

"Na hizo siku kumi na tano," Siwatu aliuliza, "akivuta pampu yangu ya kahawia asubuhi na jioni, litakuwa kosa la pili?"

Bwana Ngwali alimeza kikohozi chake. "Sheria iko kimya," alisema mwishowe. "Lakini kwa maoni yangu, aliyekwisha lowa haambiwi ajikinge." Kisha akaondoka haraka, kama aliyeogopa kusikia alichosema.

Nyamvula alivuta ile ya kahawia kila siku, akasukutua mdomo kama alivyofundishwa. Wiki ya kwanza ukuta haukuonyesha kitu, naye akataka kuiacha. Siwatu alimwambia dawa hiyo si kofi la kumzindua mtu. Ni mwalimu, inataka muda. Wiki ya pili namba za asubuhi zilipanda: mia mbili na themanini, mia mbili na tisini, mia tatu. Lakini baada ya saa za tanuri bado zilirudi chini.

Siku ya kesi udi ulichomwa mara mbili zaidi, kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Bibi Mwanakheri alivaa miwani ya kutazamia watu.

"Mgeni, unakiri ulimpa dawa namba iliyomo kwenye Uchunguzi?"

"Nilimpa dawa mwenyeji wangu. Alikuwa anakufa."

"Angekufa, angehesabiwa," alisema Bibi Mwanakheri bila ukali. "Sasa hajafa, na hatujui tumwandike wapi. Umeona shida uliyotuletea?"

Kisha akamgeukia Nyamvula, akamwuliza kama ana neno. Kwa desturi namba hazina neno, na karani alikwisha funika wino. Nyamvula alisimama. Kwenye moshi ule wa udi alilazimika kusema kwa vipande.

"Ninalo moja. Mama yangu alivuta chupa zenu miaka kumi na moja. Mbele yangu. Hakukosa hata siku moja. Alikuwa akiniambia, Nyamvula, chupa hizi zitawasaidia watu. Nataka kujua. Chupa zake zilikuwa na nini?"

Ukumbi ulitulia. Hata waliotaka kukohoa walijizuia, wasije wakahesabiwa kura. Bibi Mwanakheri alivua miwani, akavaa ile ya kusomea, ingawa mbele yake hapakuwa na cha kusoma.

"Swali ni zuri," alisema. "Utafiti zaidi unahitajika."

Nyamvula hakukaa. "Basi njooni muone wa kwangu," alisema. "Umekwisha fanywa."

Hakuna aliyejua sheria inasemaje mtu akilialika Baraza nyumbani kwake kutazama utafiti. Mjumbe yule kijana akatoa hoja kwamba waende. Udi ukafanya kazi yake, na wajumbe wakakohoa. Hoja ikapita.

Wajumbe sitini walipanga foleni kuingia kwenye chumba cha tanuri, watano watano. Waliusoma ukuta. Mafungu mawili, ya moto na ya majivu, siku ishirini na tisa, mstari katikati. Lilikuwa jambo ambalo mtoto angelielewa, na kwa kitambo Siwatu aliamini kwamba limeeleweka. Wajumbe kadhaa walitoka wakiangalia chini. Bibi Mwanakheri alikaa kuliko wote, pua karibu iguse udongo, na alipotoka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ni kazi safi," alisema. "Sijaona safi kama hii tangu nishike kiti. Haiwezi kuachwa kwenye nyumba ya mtu binafsi. Ikinyeshewa je? Ikifutwa je? Naamuru ukuta huu uhamishiwe Ghala la Taifa la Kumbukumbu, uchunguzwe ipasavyo."

"Ukuta wangu?" alisema Nyamvula.

"Utaandikwa jina lako," alisema Bibi Mwanakheri, na kwa kweli alidhani anamfariji.

Mafundi walikuja mchana ule ule na misumeno na kamba. Waliukata ukuta kwa uangalifu mkubwa, kuanzia dari hadi kimo cha goti, wakaufunga kwa magunia, wakaubeba watu wanane kama jeneza la mkubwa. Kesi ya kuchafua takwimu iliahirishwa mpaka ukuta uchunguzwe. Bwana Ngwali alibaki nyuma kuhakikisha hakuna kipande kilichosahaulika. Alikuwa ameshika orodha ya vitu vilivyochukuliwa, kitu kimoja tu. Nyamvula aliitia saini.

Alipoinama kuichukua karatasi, mzee yule alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu: "Sanduku halina kufuli. Halijawahi kuwa nalo. Nililifungua mwaka aliozikwa mama yako." Akakohoa, na safari hii hakukimeza kikohozi chake; kilimkamata mpaka akashika mlango. "Hewa," alisema kilipomwachia. "Mia mbili na kumi na mbili ni hewa. Mama yako na wewe. Nimekuletea hewa miaka kumi na tisa, mwanangu, na kila mwezi nimekuandikia kwamba sisikii kitu."

Siwatu alidhani Nyamvula atamlaani, na asingemlaumu.

"Ingia ukae, Bwana Ngwali," alisema Nyamvula. "Hicho kifua chako nakisikia hatua tatu."

Mzee aliingia, akakaa. Siwatu alimpa kipima pumzi naye akapuliza, akaitazama namba yake kwa muda mrefu, akakirudisha bila kusema ilikuwa ngapi. Nyamvula akachukua kikapu cha chupa za mama yake kutoka chini ya kitanda. Hakuzivunja. Alizipeleka uani, akazifukia moja moja karibu na kisima, kwa mikono, na Bwana Ngwali akatoka kumsaidia kurudisha udongo.

Asubuhi iliyofuata ndiyo Siwatu alikuwa anaondoka. Nyamvula aliwasha tanuri, akafunga mlango ili unga usipeperuke, kisha akasimama akicheka mwenyewe, kwa kuwa nyuma ya tanuri palikuwa na uwazi unaotosha kupitisha ng'ombe. Moshi ulizunguka mara moja, kama mgeni asiyeamini kwamba ameruhusiwa, ukatokea pale. Kuku wawili wa jirani walikuwa wamesimama kwenye ukingo wakitazama ndani. Hakuna aliyevunja sheria: namba mia mbili na kumi na mbili haikutoboa dirisha, Baraza ndilo lililochukua ukuta.

Majirani walikuja kuchungulia. Mama mmoja, mchoma vyungu, aliuliza kama ni kweli kwamba ukiandika namba kwa mkaa ukutani Serikali inakuja kuuchukua. Siwatu alisema hajui sheria za huku. Mama yule aliomba kipande cha mkaa, na nyuma yake wengine walikuwa wameanza kupanga mstari.

Saa tano zilipotimia Nyamvula alitoa mkate wa mwisho, akauweka kwenye kapu la Siwatu kuwa masurufu ya njiani. Hakuegemea kitu. Alipuliza kipima pumzi, na mshale ukapita mahali usipowahi kufika, ukasimama kwenye mia tatu na hamsini. Siwatu alikirudisha mkononi mwake na kumkunjia vidole, maana alikwisha kata shauri kukiacha, pamoja na pampu zake zote mbili. Yeye atapata nyingine kwao.

"Iandike usije ukaisahau," alimwambia.

Nyamvula alishika kipande cha mkaa, akageuka nyuma ya tanuri. Pale palikuwa na ua, kisima, na mti wa jirani ukitikisika kwa upepo.

"Sina pa kuandika," alisema. Alisimama kidogo, mkaa mkononi, kifua kikipanda na kushuka bila kelele. "Basi leo nitapumua tu."